Kunyoa ndevu bila kuamsha vipele: mwongozo kwa wanaume wa Mtwara na Lindi

Mwanaume anayetoka vipele kidevuni na shingoni kila akinyoa huambiwa mambo mawili: hakunyoa vizuri, au hajisafishi. Basi anarudia wembe mara ya tatu, anavuta ngozi, anajimwagia spiriti, na Jumapili shingo imevimba kuliko ilivyokuwa Ijumaa. Kosa liko hapo. Kwa ngozi ya namna hii, kunyoa mpaka kidevu kiteleze ndicho chanzo chenyewe. Ukikubali kubaki na ndevu fupi zinazokwaruza kidogo ukipitisha kiganja, nusu ya kazi imekwisha.

Ujue kwanza una kitu gani

Chunusi hutoka kwenye kitundu cha unywele kilichoziba kwa mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, bakteria wakazaliana humo. Zinakaa penye mafuta mengi: paji la uso, pua, mashavu, kifua na mgongo, hata mahali ambapo wembe haujawahi kupita. Utaona pia vichwa vyeusi na vyeupe.

Vipele vya ndevu ni kitu kingine. Vinakaa penye kunyolewa tu, hasa chini ya taya na shingoni. Chukua kioo, simama mlangoni asubuhi mwanga ukiwa wa pembeni, inua kidevu, tazama kipele kimoja kimoja. Katikati yake utaona unywele. Mara nyingine umejikunja kama ndoana na ncha imezama kwenye ngozi, mara nyingine ni kistari cheusi chembamba kinachopita chini kwa chini. Nywele zetu hutoka zikiwa zimepinda, na wembe huzikata mshazari zikabaki na ncha kali. Kama ngozi ilivutwa, au wembe una makali matatu ambayo la kwanza huuvuta unywele na la pili hukata, ncha hurudi chini ya uso wa ngozi na kutoboa ukuta wa kitundu chake ikianza kukua. Kama ilikatwa juu kidogo, hukua, hujipinda na kuingia tena pembeni. Mwili huupokea unywele huo kama mwiba, pakavimba pakatunga usaha. Ndevu hukua takriban milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, ndiyo maana vipele hujitokeza siku ya pili au ya tatu, wakati umeshasahau kunyoa.

Wengi wana vyote viwili kwa pamoja, na hapo kila kimoja kina tiba yake. Cha tatu ni fangasi: duara lenye magamba, linawasha, na nywele za hapo zinakatika au kung'oka kirahisi. Hilo halitibiwi kwa kubadili namna ya kunyoa. Linahitaji dawa ya fangasi, mara nyingi vidonge, kwa maelekezo ya hospitali.

Kama shingo imeshaharibika, usinyoe mwezi mzima

Hakuna mbinu ya wembe itakayofanya kazi juu ya ngozi yenye vidonda. Acha wembe wiki 4. Wiki mbili za mwanzo hali huwa mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia wembe. Vumilia. Ndevu zikikaribia sentimita 1, nyingi ya zilizojikunja hujifyatua zenyewe kama waya uliokunjwa ukaachiwa.

Katika mwezi huo, asubuhi na jioni, loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kamua, weka shingoni dakika 5. Kisha kwa kitambaa hicho hicho sugua taratibu kwa mzunguko, bila nguvu. Unywele uliojikunja na kuonekana juu unaweza kuuinua: futa sindano mpya kwa spiriti, ipitishe chini ya kitanzi, inua mpaka ncha itoke nje, halafu uache. Usiung'oe. Ukiung'oa, mpya utaota ukiwa ndani kabisa na utaanzia kutoboa huko huko. Na usichimbe unywele usiouona.

Wenye kazi zinazodai uso safi, walinzi kwa mfano, watumie mashine yenye kitana namba 1, ambacho huacha kama milimita 3. Na mwenye nafasi ya kufuga ndevu na azifuge. Wazee wengi wa pwani hii wana ndevu kwa sababu ya sunna, na kwa vipele hivi hakuna dawa ya dukani inayoshinda ndevu zilizoachwa zikue.

Mashine ndiyo chaguo la kwanza

Mashine ya umeme ya kunyolea hukata juu ya ngozi, kwa hiyo ncha haipati nafasi ya kuzama. Tatizo ni ile ya ziro. Vinyozi wengi wamezisogeza meno zikakaribiana kabisa ili zinyoe kama wembe, na zikishakuwa hivyo faida yote imeondoka. Mwambie kinyozi kabla hajawasha: usinyoe ziro, fungua kishikio cha pembeni, acha kama milimita moja. Akisema haitapendeza, shikilia neno lako.

Ukinyoa mwenyewe, safisha meno kwa brashi, tia matone 2 au 3 ya mafuta ya cherehani, iache izunguke nusu dakika, futa yanayozidi. Mashine kavu hupata moto na kuvuta nywele badala ya kukata. Iguse kwenye kifundo cha mkono. Ikichoma, ipumzishe. Uso uwe mkavu na umeoshwa. Pitisha bila kukandamiza, mara moja kila sehemu, mara mbili kwa shida. Rudia kila baada ya siku 2 au 3, kabla ndevu hazijapata urefu wa kujipinda na kurudi kwenye ngozi.

Kama lazima wembe

Nyoa jioni, baada ya kuoga. Usiku ngozi hupumzika bila jasho, vumbi wala jua. Wanaojiandaa kwa swala ya Ijumaa wanyoe Alhamisi jioni, si Ijumaa saa tano mchana wakiwa mbioni.

Andaa maji lita moja, hayahitajiki zaidi. Hili lina maana kwa watu wa Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya kiangazi ina thamani yake. Kwa wale wa Mikindani na vijiji vya ufukweni, maji ya kisima chenye chumvi hayatoi povu la kutosha na huacha ngozi imekauka, hivyo weka akiba ya maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya uso. Kikombe kimoja cha maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, changanya na vinne vya baridi. Yawe ya uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto.

Wembe uwe mpya, wa kali moja: ule wa pande mbili kwenye kishikio chake, au wa kutupa wenye kali moja tu. Ule wa makali matatu au matano ndio unaosifiwa kwa kunyoa chini zaidi, na sababu hiyo hiyo ndiyo ya kuuacha. Wembe mtupu ulioshikwa kwa vidole usiutumie, kwa sababu huwezi kulinda mshazari wake. Badilisha baada ya kunyoa mara 2 au 3. Ukisikia unakwaruza au unavuta, umekwisha hata kama ni wa jana.

Halafu soma uelekeo wa ndevu zako. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo yenye faida kubwa kuliko sabuni ya bei. Ndevu zikiwa na siku mbili, pitisha ncha ya kidole polepole kutoka sikioni kushuka kwenye shavu. Palipo laini ndiko zinakoelekea, palipokwaruza unakwenda kinyume nazo. Sasa shuka shingoni. Shavuni karibu zote huelekea chini, lakini shingoni hubadilika: upande mmoja zinalala kuelekea kwenye koo, mwingine zinapanda kuelekea taya, na karibu na koromeo kunaweza kuwa na kizunguzungu kama cha utosini. Chora ramani hiyo kichwani, au kwenye karatasi kama ni mara ya kwanza. Anayenyoa shingo yote kwa kushuka chini, nusu yake anainyoa kinyume bila kujua.

Osha uso kwa sabuni laini. Weka kitambaa cha uvuguvugu dakika 3, maana unywele uliolowa hulainika na kukatika kwa nguvu kidogo, tena ncha yake haiwi kali kama ya unywele mkavu. Paka krimu ya kunyolea au povu zito la sabuni ya mtoto, uliache dakika 2. Sabuni ya mche ya kufulia ina magadi makali, iache kwenye ndoo ya nguo.

Shika wembe mshazari kiasi cha nyuzi 30, acha uzito wake ufanye kazi. Mkono wa pili usivute ngozi kabisa, ukae pembeni. Pitisha kwa mikato mifupi ya sentimita 2 hivi kufuata uelekeo wa ndevu, suuza wembe kila baada ya mkato mmoja au miwili. Anza mashavuni, kisha shingo, malizia kidevu na sharubu, ambako nywele ni ngumu na zinahitaji kuloana muda mrefu zaidi. Sehemu iliyobaki na vinyweleo, paka povu tena upite mara moja tu, kufuata uelekeo ule ule. Usirudi kinyume, hata kama unaona weusi wa ndevu bado upo. Weusi huo ni mashina yaliyo ndani ya ngozi, hakuna wembe wa kuuondoa.

Suuza kwa maji baridi. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi kilicho chako peke yako.

Cha kupaka, na cha kutopaka

Spiriti baada ya kunyoa imekuwa mazoea mpaka mteja asipopakwa anahisi hajanyolewa. Inaua vijidudu kwa muda mfupi tu, halafu huacha ngozi iliyokwanguliwa ikiwa kavu na imewaka, na ngozi kavu iliyowaka hufunga vitundu juu ya nywele zinazotaka kutoka. Spiriti ni ya sindano na ya meno ya mashine. Manukato na atari vipakwe kwenye nguo, visiguse shingo siku ya kunyoa na siku inayofuata.

Mafuta ya nazi yamejaa majumbani kote Lindi na Mtwara, ni mazuri kwa miguu na mikono mikavu, lakini kwenye uso wenye chunusi huziba vitundu. Badala yake tumia losheni nyepesi iliyoandikwa kuwa haizibi vitundu vya ngozi, au gliserini: kijiko kimoja kwa vijiko viwili vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Paka tabaka jembamba ngozi ikiwa na unyevu bado. Changanya ya siku hiyo tu, usiiweke.

Limau, dawa ya meno, magadi na Jik visikaribie uso. Limau likikutana na jua la hapa huunguza na kuacha doa jeusi la miezi.

Kilicho hatari zaidi ni krimu zenye steroidi, dawa za kushusha uvimbe. Kuna tyubu za dawa tatu kwa moja zinazouzwa kirahisi. Soma ubavuni: ukiona limeandikwa "betamethasone" au "clobetasol", irudishe. Siku tatu za kwanza uvimbe hushuka na ngozi hung'aa, ndiyo maana zinasifiwa. Ukiendelea kwa wiki kadhaa ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi mpya zinamwagika, na ukiacha zinarudi kwa kishindo. Mkorogo una hatari hiyo hiyo, wakati mwingine pamoja na haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku nchini katika vipodozi. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Krimu isiyo na orodha ya viambato wala mtengenezaji usiinunue, hata kama umeisifiwa na ndugu yako.

Dawa zinazofaa kununuliwa

Kwenye duka la dawa uliza tyubu iliyoandikwa "benzoyl peroxide", asilimia 2.5 au 5. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi kwa kiasi cha maana, ila inaunguza zaidi. Kiasi cha punje ya mbaazi kinatosha uso mzima. Tandaza eneo lote linalotoka chunusi, siyo juu ya kipele kimoja tu, maana kazi yake kubwa ni kuzuia kinachokuja. Wiki ya kwanza paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi ikizoea, kila usiku. Usiku wa kunyoa kwa wembe usipake. Ukumbuke kuwa huchuja rangi: foronya ya kitenge itapata mabaka meupe, kwa hiyo lalia ya rangi nyeupe.

Chaguo jingine ni dawa ya kuoshea iliyoandikwa "salicylic acid" asilimia 2, inayofungua vitundu na kusaidia nywele zisizibwe. Mara moja kwa siku, dakika moja usoni, suuza. Usianze dawa zote mbili wiki moja, ukiungua hutajua ni ipi.

Matokeo huanza kuonekana wiki ya 6 hadi ya 8. Anayebadili dawa kila Jumatatu hatapona kwa yoyote. Madoa meusi yanayobaki si kovu, yatafifia kwa miezi ukivaa kofia na kuacha kutumbua.

Poda ya kunyolea

Poda hii huyeyusha unywele, na ncha inayobaki huwa butu, kwa hiyo vipele hupungua. Lakini ni kali. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, subiri siku mbili. Koroga kwa maji baridi mpaka iwe kama uji mzito, paka bila kusugua, tazama saa. Pakiti nyingi zinasema dakika 5 hadi 7, fuata ya kwako na usizidishe. Kwangua taratibu kwa kijiti bapa, osha kwa maji baridi mengi. Harufu ya yai viza ni kawaida, kuwaka moto si kawaida: ukiwaka, osha papo hapo. Usirudie kabla ya siku 2 kupita, wengi huhitaji siku 4 au 5. Penye kidonda, usipake kabisa.

Kwa kinyozi

Nenda na taulo lako, na kama unaweza, meno ya mashine yako. Kile kisanduku chenye taa ya bluu hakitoshi: mwanga huua vijidudu pale unapofika tu, na meno yenye nywele na mafuta yana vivuli vingi. Meno yapigwe brashi kwanza, kisha spiriti ya asilimia 70, yaachwe yakauke yenyewe kabla ya kukugusa. Vifaa visivyo vya umeme huoshwa kwa sabuni, vikalowekwa dakika 10 kwenye Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, kisha vikasuuzwa na kupakwa mafuta visipate kutu. Wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Mkato mdogo wa wembe uliotumika unaweza kubeba homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI.

Shamba, bahari na joto

Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, Mei hadi Agosti hivi, vumbi lake hukaa kwenye jasho la shingo na kuwasha vibaya ngozi iliyonyolewa. Usinyoe asubuhi ya kupulizia. Maliza kazi, oga kwa sabuni, badili nguo, ndipo unyoe jioni. Salfa imo kwenye baadhi ya dawa za chunusi, lakini ile ya mfuko wa shambani haikutengenezwa kwa uso, asikudanganye mtu.

Wanaobangua korosho wanajua mafuta ya ganda yanavyochubua vidole. Mkono wenye mafuta hayo ukikuna kidevu kilichonyolewa, kitababuka. Osha mikono kwa sabuni, safari mbili, kabla ya kugusa uso. Wavuvi wasuuze chumvi usoni kwa maji baridi wakishuka chomboni, na wanyoe siku isiyo ya kwenda baharini. Kuanzia Desemba hadi Aprili, joto likiwa na unyevu, osha uso mara mbili kwa siku, zaidi ya hapo unaukausha. Kola ngumu na kamba ya kofia ya pikipiki hukandamiza nywele zirudi ndani. Madereva wa bodaboda wafute kamba hiyo kila jioni.

Kisogo, na wakati wa kwenda hospitali

Vipele vya kisogoni, chini ya mstari wa nywele, visichukuliwe kirahisi. Kila ukinyolewa ziro hapo vinaongezeka, na baadaye vinaungana kuwa uvimbe mgumu usio na nywele. Acha kunyoa kisogo kwa wembe, baki na namba 1 au zaidi, na uende kuonwa mapema vikiwa bado vidogo kama punje za mtama. Keloidi, yaani uvimbe huo wa kovu, ikishakomaa, kuikata tu bila tiba nyingine mara nyingi huifanya irudi ikiwa kubwa zaidi.

Nenda pia kama kuna jipu lenye homa, ndevu zinadondoka kwa mabaka, chunusi kubwa zinazouma na kuacha mashimo, au wiki 12 za dawa zimepita bila nafuu. Usinunue vidonge vya antibayotiki kwa kubahatisha. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Lindi kuna Sokoine, wa Masasi wana Ndanda, na wa barabara ya Masasi upande wa Lindi wana Nyangao. Uliza kabla ni siku gani mtaalamu wa ngozi anaona wagonjwa. Usinyoe siku 4 kabla ya kwenda, ili aone unywele ulivyolala. Beba tyubu na makopo yote uliyokwisha kupaka, pamoja na yale unayoona haya kuyataja.